Tupeane uzoefu: Ziwa likivaa kijani

Mtoto wa Bwiru: Wakuu, asubuhi nimeshuka ufukweni Ziwa Victoria, hapa Mwanza, kufua nikakuta maji kijani, mazito kama mlenda. Nikamkumbuka marehemu babu: "Maji yakivaa nguo, msioge." Yaliyowahi kuwakuta leteni hapa.

Mama Igombe: Kitindamimba wangu aliyaogelea. Jioni vipele mwili mzima, usiku kucha anatapika. Tangu hapo ni bomba tu, hata foleni iwe ndefu vipi.

Mzee wa Vizimba: Hili sijawahi kuliandika popote. Nilikuwa na vizimba vinne vya sato ghubani, zimebaki wiki tatu tuvune. Upepo ukatulia siku mbili, jua kali, maji yakaota ukoko juu. Saa kumi alfajiri mlinzi akanipigia: "Mzee, samaki wanapumulia juu." Nilipomulika tochi niliona midomo tu, maelfu, inafunguka na kufumba, sauti yake kama manyunyu kwenye bati. Saa mbili asubuhi wote matumbo juu. Tuliwatoa kwa ndoo siku mbili. Ule ukoko uliokaukia kwenye kasia ukageuka buluu, buluu kabisa! Bwana samaki akanieleza: mchana vijimea vya ukoko huo hutoa oksijeni, usiku navyo hupumua, na vikizidi vinawamalizia samaki hewa. Mkopo nalipa mpaka leo.

Nyakato Damu: Pole sana mzee wangu. Koo limenikauka.

Mkweli Mtupu: Hiyo ni rangi ya viwandani, msidanganyane.

Binti Maabara: Kaka, rangi ya kiwandani haizaliani. Hao ni sainobakteria, bakteria wanaoishi kwa mwanga wa jua kama mimea, wako hai. Wanashibishwa na fosforasi na naitrojeni za vyoo na mbolea. Tazama Mto Mirongo unavyopita katikati ya mji, unaishia wapi?

Mkweli Mtupu: Basi chemsheni mnywe, yaishe.

Binti Maabara: HAPANA. Sumu yao haiishi kwa kuchemsha, na seli zikipasuka ndiyo inamwagika zaidi.

Mama Igombe: Sisi tunatia shabu, yanakuwa meupe.

Binti Maabara: Meupe sawa, dada, ila sumu iliyokwisha kuyeyuka inabaki humo.

Nahodha Mstaafu: Nimekaa Kilwa miaka sita, na bahari nayo hupakwa rangi na vijimea visivyoonekana kwa macho. Penye vichache maji ni buluu, penye vingi ni kijani, kwa kuwa klorofili, ile rangi ya kijani ya mimea, hunyonya mwanga mwekundu na wa buluu. Kuna aina nyingine, usiku ukipiga kasia maji yanatoa cheche. Nilishuka mtumbwini nikidhani nimerogwa.

Mkweli Mtupu: Buluu ya bahari ni anga tu inajiakisi.

Nahodha Mstaafu: Anga la Mwanza leo ni buluu. Haya, shuka ghubani ukaangalie.

Nyakato Damu: Na samaki je, tunakula?

Binti Maabara: Aliyevuliwa hai, toa matumbo na maini yote. Aliyeelea mwenyewe, achana naye.

Mzee wa Vizimba: Dawa ni upepo tu. Pigeni miluzi kuuita, wavuvi!

Mtoto wa Bwiru: Nimerudi ufukweni, saa kumi na mbili jioni, hata jani halitikisiki. Nimekuta watoto watatu wanaogelea, nikawatoa. Mmoja kanionyesha kiganja, kijani mpaka ndani ya kucha. Nawapeleka bombani sasa hivi. Wenye vizimba, leo msilale.