Sanduku la "askari 108" limeniharibia vijisanamu 61: wauzaji watuambie sponji yao imetengenezwa kwa kitu gani

Ndugu wanajamvi, nawasalimu, na kwa wakubwa shikamooni. Mimi ni msomaji wa pembeni na si kawaida yangu kufungua uzi, sembuse uzi wa malalamiko. Lakini Jumamosi moja nilifungua sanduku nililolifunga kwa mikono yangu mwenyewe, na nilichokikuta ndani yake kilinighadhibisha hata nikakaa siku nne bila kuandika neno, kwa kuhofia kwamba ningeandika matusi.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe: ninacheza Warhammer 40,000, mchezo wa vita vya mezani uliotolewa mwaka 1987 na kampuni ya Games Workshop ya Nottingham, Uingereza. Vijisanamu vyake huuzwa vikiwa vipande vya plastiki vilivyoshikana na fremu. Mnunuzi huvikata, huviunga kwa gundi na kuvipaka rangi mwenyewe kwa brashi nyembamba. Kijisanamu kimoja kisichozidi urefu wa kidole cha shahada kinaweza kula jioni mbili, na kiongozi wa kikosi anaweza kula wiki. Kwa hiyo asije mtu hapa akaniambia kwamba ninalilia midoli. Mdoli ukivunjika unanunua mwingine, ilhali jioni zangu za miaka 11 niliyokaa Leicester, Uingereza, hakuna duka linaloziuza.

Nilipokuwa najiandaa kurudi nyumbani Mombasa nilikuwa na vijisanamu 214 vilivyokamilika, nikaona si busara kuvifunga kwa magazeti kama vikombe. Nikanunua masanduku mawili ya kubebea vijisanamu kutoka duka moja la mtandaoni la hukohuko, ambalo sitalitaja jina, kwa bei ambayo ningeweza kununulia kikosi kizima kipya. Tangazo lilisema kwa herufi kubwa kwamba kila sanduku linabeba askari 108, na kwa herufi ndogo kwamba sponji yake ina msongamano mkubwa. Basi. Hapakuwa na upana wa vishimo vya sponji anamolazwa kila askari, hapakuwa na kina chake, wala hapakuwa na neno hata moja la kueleza sponji hiyo imetengenezwa kwa kitu gani. Nakiri kwamba nami sikuuliza. Nilinunua mbuzi kwenye gunia, tena gunia lenyewe nililipenda kwa sababu lilikuwa na mkanda mzuri wa begani.

Masanduku yamekaa Mombasa miaka miwili na miezi kadhaa, ndani ya nyumba, juu ya kabati, hayajawahi kunyeshewa wala kuwekwa juani. Jumamosi hiyo nilipolifungua moja, sponji ilikuwa imegeuka kuwa kitu kilicho kati ya asali na makombo ya mkate. Nilibonyeza ukuta wa kishimo kwa kidole, ukabonyea na haukurudi, na kidole kikatoka na ulimbo wa njano. Nilipomvuta askari wa kwanza alikuja na pande la sponji limemng'ang'ania mgongoni, na nilipolibandua likaondoka na rangi ya joho lake, joho nililolipaka tabaka tano. Katika sanduku hilo moja, vilivyoharibika ni 61. Vile nilivyovipaka vanishi vimeoga kwa maji ya vuguvugu na sabuni, nikavisugua kwa mswaki laini, na vingi vimepona. Vile ambavyo uvivu wangu uliniambia "vanishi utapaka Mombasa" vimebaki na mabaka, kama watu waliotoka kwenye tetekuwanga.

Sasa nieleze kilichotokea, kwa sababu si mkosi na wala si uchawi, ni kemia inayojulikana, na watunzaji wa makumbusho wamekuwa wakihangaika nayo kwa muda mrefu. Sponji nyingi laini ni poliuretani, nayo poliuretani ni ya namna mbili kubwa. Iko inayotokana na poliesta na iko inayotokana na polietha. Ile ya poliesta hushambuliwa na maji yaliyo hewani: unyevu huvunja viungo vya molekuli zake kidogo kidogo, na joto huharakisha kazi hiyo, mpaka sponji inakuwa ulimbo na hatimaye vumbi. Ile ya polietha huvumilia unyevu vizuri zaidi, ingawa nayo haipendi mwanga na hewa. Mbali na hizo iko sponji ya polithini yenye vijitundu vilivyofungika, ambayo haifyonzi maji na ambayo makumbusho huitumia kuhifadhia vitu vyao kwa sababu hiyohiyo. Zote tatu zinaweza kuwa na msongamano mkubwa! Msongamano ni uzito tu wa sponji kwa ujazo wake, haumwambii mnunuzi kama kitu hicho kitadumu miaka miwili au ishirini. Ni sawa na muuza samaki anayekutajia kilo wakati wewe umemuuliza samaki amevuliwa lini.

Ndiyo maana hasira yangu iko zaidi kwenye tangazo kuliko kwenye sponji. Sponji imefanya kile ambacho kemia yake inaiamuru kufanya. Lakini mtu aliyeandika tangazo alikuwa na nafasi ya kutosha kunieleza kwamba zipu ni ya rangi ya fedha, akakosa nafasi ya neno moja, poliesta au polietha. Mombasa, ambako unyevu hewani mara nyingi hupita asilimia 70 na joto halina likizo, neno hilo moja ndilo lililokuwa na thamani kuliko maneno mengine yote ya tangazo lake.

Na hiyo 108 nayo niizungumzie, maana ilinitesa hata kabla ya kusafiri. Ni askari gani hao 108? Kishimo kimoja nilikipima baadaye nikakuta kina upana wa milimita 25, kipimo cha kitako, yaani kisahani cha plastiki anachosimamia kijisanamu, cha askari wa zamani. Space Marine, askari maarufu kuliko wote wa mchezo huu, aliyekuwa akisimama juu ya kitako cha milimita 25 siku hizi husimama juu ya cha milimita 32, na wale wa toleo jipya liitwalo Primaris waliotoka mwaka 2017 ni warefu na wapana kuliko waliowatangulia. Terminator, yule wa deraya nzito, anasimama juu ya milimita 40. Ukiwa na askari wa leo utamkunja mmoja katika vishimo viwili, na sanduku la 108 linakuwa la 50 na kitu, huku kila mkuki na kila bendera vikiwa vimebanwa pembeni vikisubiri kuvunjika. Mimi nilikatikiwa mikuki minne na mabawa mawili kabla meli haijaondoka bandarini. Askari aliyenyoosha mkono, askari mwenye bendera mgongoni, askari anayeruka juu ya moshi wa plastiki, hao wote tangazo haliwajui. Limehesabu askari aliyesimama wima kama mshumaa, na katika jeshi langu lote wa namna hiyo hawafiki kumi.

Nimewaandikia wauzaji mara tatu. Jibu la kwanza lilikuwa la mashine. La pili liliomba picha, nikatuma tisa. La tatu, lililoandikwa na binadamu mwenye adabu nyingi, lilisema kwamba sponji ni kitu cha kuchakaa, kwamba siku 14 za kurudisha bidhaa zimepita, na kwamba "mazingira yasiyo ya kawaida" hayamo katika dhamana. Mazingira yasiyo ya kawaida ni Mombasa, ndugu zangu. Mji ambao watu wamekaa kwa karne nyingi, sasa hewa yake si ya kawaida.

Nawajibu hapa, kwa sababu kule hawajibu tena. Siku 14 ni za mnunuzi wa mtandaoni aliyebadili nia, na mimi sikubadili nia. Sheria ya haki za walaji ya Uingereza ya mwaka 2015 inataka bidhaa iwe na ubora wa kuridhisha, na katika kupima ubora huo, udumu wa bidhaa ni miongoni mwa mambo yanayotazamwa. Kwa aliyenunulia Leicester, dai linaweza kufikishwa mahakamani hadi miaka sita. Tatizo ni kwamba ikishapita miezi sita, mzigo wa kuthibitisha kwamba kasoro ilikuwamo tangu mwanzo unamwangukia mnunuzi, nami nitathibitishaje aina ya sponji ambayo muuzaji mwenyewe amekataa kuitaja hata baada ya kuulizwa mara tatu? Mnaona jinsi ukimya wa tangazo unavyomlinda mara mbili, siku ya kuuza na siku ya kudaiwa.

Baada ya kulia nimejenga upya, na naeleza ili asiyekwisha kununua asinunue kwa macho kama mimi. Nimeachana na sponji kwa askari wa kawaida. Nimegandisha sumaku ndogo za neodimu chini ya kila kitako, na askari wanasimama juu ya bati ndani ya kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana, la aina ile ile ambayo mama anahifadhia unga. Hakuna kitu kinachomgusa askari popote isipokuwa unyayo.

Hata huko, hata hivyo, nimekutana na matangazo ya namna ileile. Sumaku huuzwa kama "za kitako cha milimita 32", bila kusema unene. Uwazi ulio chini ya vitako vyangu nimeupima, una kina cha karibu milimita 3, na sumaku yenye unene wa milimita 1 ikigandishwa juu ya uwazi huo haifikii bati, inaning'inia. Nguvu ya sumaku hupungua upesi mno kadiri inavyokaa mbali, kwa hiyo milimita mbili hizo za hewa ndizo zinazoamua kama askari atasimama au ataanguka. Natumia za kipenyo cha milimita 5 na unene wa milimita 2, na juu yake natanguliza kipande cha plastiki cha kujazia. Bati lenyewe nililinunua vibaya mara mbili. Kwanza nilitumia sinia la alumini, jambo ambalo mtoto wa darasa la tano angenizuia. Kisha nikanunua kipande cha stenlesi kwa bei ya kuruka, nikijua kwamba chuma ni chuma, kumbe stenlesi nyingi za jikoni hazishikwi na sumaku. Fundi wa mabati alinicheka, akanikatia bati bapa la geji 28, la kawaida kabisa, na akanisugulia kingo zisinikate. Gharama yote haikufika robo ya bei ya sanduku moja la "askari 108".

Namna ya kupima kazi yako: panga askari wote juu ya bati, lishike juu ya godoro, ligeuze chini juu. Vile vya zamani vya madini ndivyo huanguka kwanza kwa uzito wao, basi viongezee sumaku ya pili. Mwenye watoto wadogo nyumbani asiache sumaku hizi zikizagaa, kwani mtoto akimeza mbili hushikana zikiwa ndani ya utumbo, na hilo ni jambo la chumba cha upasuaji. Mimi nazihesabu kabla ya kulala.

Trei za kuchapishwa kwa printa ya 3D kwa plastiki iitwayo PLA nazo msiziache ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwa sababu plastiki hiyo huanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi. Na msivilaze vijisanamu juu ya vinili laini kwa muda mrefu, kwani mafuta yanayoilainisha vinili huhamia kwenye rangi na plastiki. Hayo mawili hayajanipata, nashukuru.

Ninachotaka kwa wauzaji si fidia tena, ingawa wakiitoa sitaikataa. Nataka kila tangazo la sanduku liandike aina ya sponji, upana na kina cha kishimo kwa milimita, na hiyo hesabu ya askari iseme ni askari wenye kitako cha kipimo gani. Ni mistari mitatu. Wanaojua mnunuzi atafanya nini akiisoma ndio wasiotaka kuiandika.

Kwenu wanajamvi nina ombi. Ninavyo vifaru vitano na dubwana moja lenye mabawa, ambavyo kwa ukubwa wake haviwezi kusafiri kwa sumaku peke yake. Natafuta sponji ya polithini yenye vijitundu vilivyofungika, katika bapa la unene wa milimita 30 au zaidi, Mombasa, Tanga au hata Dar es Salaam. Aliyekwisha kuipata aandike hapa duka liko mtaa gani, aliyekata mwenyewe alitumia kisu gani, na unene kwa milimita tafadhali, si "nene kiasi".

Picha za wale 61 nitaziweka jioni umeme ukirudi. Sanduku la pili sijalifungua. Liko barazani, kwa kuwa limeanza kunuka na mama amekataa lisiingizwe ndani, na kila nikipita nalitazama zipu yake ya rangi ya fedha.