Kondoo wanazunguka mpaka wanakufa (ormilo), hii kitu imeenea kiasi gani?

Mfugaji_Longido:
Wakuu habari za jioni. Nina kondoo 60 hivi, tangu mwaka jana wamekufa watano kwa staili moja, anainamisha kichwa upande mmoja, anazunguka palepale utadhani kafungwa kamba, wenzake wanamwacha malishoni, haoni, anagonga ua, anakonda mpaka basi. Sindano za OTC (antibiotiki ya oksitetrasaiklini) nimechoma mpaka nimechoka. Wazee wanasema ormilo. Ni zizi langu tu au kila boma?

Laigwenan_mdogo:
Mkuu haupo peke yako, Monduli, Ngorongoro, uliza boma lolote watakutajia. Ila namba kamili utaitoa wapi, akianza kuzunguka tunamchinja tunakula, nani anaenda kuripoti? Next time pasua fuvu, utakuta kifuko cha maji kama kiputo, kina vidoti vyeupe kibao kama punje za mchele.

DaktariWaMifugo:
Na kila kidoti hapo ni kichwa cha mnyoo. Ni tegu wa mbwa, Taenia multiceps. Mbwa anakunya malishoni, kondoo anakula mayai pamoja na majani, kiluwiluwi anasafiri na damu mpaka kwenye ubongo anakaa huko anakua taratibu, ndo maana wengi wanaozunguka ni wale wa miezi 6 hadi 18. OTC ni ya bakteria, kile kifuko haikigusi kabisa, unachoma hela tu.

Binti_Meru:
Si ndo ile scrapie ya Uingereza?

DaktariWaMifugo:
Hapana dada, ile haina mnyoo, ni protini ya ubongo imeharibika, kondoo anajikuna mpaka sufu inatoka, na mara nyingi ni wa miaka 2 hadi 5. Ila funza wa puani muwaangalie, huyo akitikisa kichwa huku makamasi yanamtoka watu nao wanaita ormilo.

Mfugaji_Longido:
Daah. Sasa mimi kila nikichinja kichwa nawarushia mbwa, tena wanagombania.

DaktariWaMifugo:
Hapo ndo unapanda mbegu upya mkuu, baada ya wiki 6 hivi huyo mbwa anaanza kumwaga mayai. Kichwa choma au fukia chini kabisa asifukue, mbwa wape prazikwanteli, dawa ya minyoo. Na watoto wanawe mikono, mayai hayo binadamu pia yanampata japo ni nadra.

Mfugaji_Longido:
Wangu wanne nitawapa, wa majirani wanaopita hapa kila usiku je?

Laigwenan_mdogo:
Subiri siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, si mbwa wanaletwa wote? Changishaneni dawa mapema, wamezeshwe hapohapo.