Mnaobandika picha ya Wilhelm wa Pili kwenye habari za 1885, mmetuchosha!

Wakuu, habari za jioni. Leo nina povu, mnivumilie.

Kuna chaneli moja ya historia, jina siwatajii, ina wafuasi kibao. Juzi wametoa video ya jinsi Mjerumani alivyoingia Tanganyika. Carl Peters yumo, mikataba yake na machifu imo, safi kabisa. Kufika pale kaisari anapotia saini hati ya kuyaweka maeneo hayo chini ya ulinzi wa Ujerumani, wanamleta yule jamaa wa masharubu yaliyosokotwa, ncha zinatazama juu. Jamani! Huyo ni Wilhelm wa Pili. Februari 1885 alikuwa kijana wa miaka 26, afisa wa jeshi tu, na mbele yake kwenye foleni ya kiti kuna baba na babu. Nikawaandikia kwenye maoni, tena kwa adabu zote, wakafuta. Nikarudia, wakaniblock.

Aliyetia saini tarehe 27 Februari 1885, kesho yake tu baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa, ni babu: Wilhelm wa Kwanza, mfalme wa Prussia (dola kubwa ya Kijerumani) tangu 1861 na kaisari wa Ujerumani tangu 1871. Mzee wa miaka 87, kidevu kimenyolewa, ndevu nyeupe zimejaa mashavuni. Hao watu unawachanganyaje? Karatasi ile ndiyo iliyoziweka Usagara, Nguu, Uzigua na Ukami chini ya ulinzi wa Ujerumani. Sultani Barghash wa Zanzibar alipopinga, simu yake ya maandishi ilikwenda kwa mzee huyohuyo. Agosti manowari za Kijerumani zikatia nanga Unguja, Barghash akakubali yaishe.

Najua kuna mtu ataandika hapa chini, "si wote ni Wilhelm, tatizo nini?" Tatizo ni kwamba ukimweka mjukuu, 1885 inageuka kuwa pupa ya kijana mpenda sifa. Na wale wachache wanaomjua babu nao wananikera, maana wanamfanya kikongwe mpole aliyeshikishwa kalamu na Bismarck, chansela wake. Mpole gani? Huyu alikuwa vitani Ufaransa dhidi ya Napoleon kabla hajatimiza miaka 17, na akapata Msalaba wa Chuma kwa mapigano ya Bar-sur-Aube. Hayo mapigano yalikuwa tarehe 27 Februari 1814. Naam, tarehe ileile, miaka 71 kabla ya karatasi yetu.

Mwaka 1848 watu wa Berlin walipoingia mitaani kudai katiba, walimchukia hadi wakambandika jina la mwanamfalme wa marisau, wakiamini yeye ndiye aliyetaka umma umiminiwe risasi. Akakimbilia London. Mwaka uliofuata karudi na jeshi, akaenda Baden, kusini-magharibi mwa Ujerumani, kuwazima wanamapinduzi. Ngome ya Rastatt ilisalimu amri Julai 1849, na baadhi ya waliokamatwa wakahukumiwa na mahakama za kijeshi, wakapigwa risasi. Huyo ndiye babu mpole wenu.

Tena hata huyo Bismarck mnayemtukuza, aliitwa 1862 kwa sababu mfalme alikuwa anavutana na bunge kuhusu fedha za jeshi, hataki kurudi nyuma hata kidogo, kafikia kufikiria kuachia kiti. Jeshi kwanza, mengine baadaye. Mapigano ya Königgrätz dhidi ya Austria, Julai 1866, mzee ana miaka 69 yuko juu ya farasi, makombora yanaanguka jirani, Bismarck anambembeleza asogee nyuma. Waliposhinda akataka waende mpaka Vienna, Bismarck ndiye akawa wa kumshika breki! Mwaka 1870 akiwa na miaka 73 yuko tena uwanjani, vita na Ufaransa, na kwenye mapigano ya Sedan barua ya Napoleon wa Tatu, kaisari wa Wafaransa, ya kujisalimisha iliandikwa kwake. Hata siku ya kutangazwa kaisari pale Versailles, 18 Januari 1871, alikuwa amenuna kwa ugomvi wa jina la cheo, akampita Bismarck bila kumpa mkono.

Sibishi kwamba mpango wa 1885 ulikuwa wa Peters na Bismarck. Lakini saini ni ya mfalme, na mfalme huyu hakuwa mgeni wa bunduki.

Alifariki tarehe 9 Machi 1888, mwezi uleule aliofariki Barghash. Mwanawe Friedrich akakaa siku 99 tu naye akafa. Ndipo akaingia huyo wa masharubu, Juni 1888. Vita vya Abushiri, Majimaji, hayo mtupieni yeye, hakuna atakayewabishia. Ya 1885 siyo yake.

Kwa hiyo nyie wa chaneli, najua mnapita humu kuokota mada: shusheni hiyo video mrekebishe picha, na maoni yangu mrudishe. Na anayekuja na "wote ni Wilhelm", aanze kwanza na Rastatt.