Mdogo wangu ataka kuwa fundi wa bunduki: jeshi, chuo au Ubelgiji?

Kijana_wa_Mvita: Asalaam aleikum wadau. Mdogo wangu amekaza roho, ataka ufundi wa bunduki. Hataki kuibeba, ataka kuitengeneza. Tuna njia tatu: angoje usajili wa KDF, jeshi la Kenya, asomee uhandisi wa mitambo chuoni hapa Mombasa, ama tumpeleke Liège, Ubelgiji, kwenye shule ya ufundi huo. Karo ya chuo yatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi. Mwaonaje?

Bi_Kongowea: Wa aleikum salaam. Ana umri gani? Mtihani wa kidato cha nne, KCSE, alipata nini? Pesa za Ubelgiji mnazo ama mwazitafuta? Bila hayo tutapiga ramli tu.

Fundi_Shimanzi: Chuo kwanza, hakuna mjadala. Bunduki ni chuma na vipimo. Asiyejua lethi, ile mashine ya kuchonga chuma, na maikromita ya kupimia unene, hawezi kugusa mtutu. Mpe kipande cha chuma na tupa, akipige tupa mpaka pande zote sita ziwe bapa na kila pembe iwe ya mraba. Ukiegemeza skwea, kile kipimo cha pembe, mwanga usipenye hata uzi. Mikono itamuuma. Akikata tamaa hapo, mmeokoa karo.

Afande_Mtongwe: Kaka Fundi, heshima yako, lakini cheti cha chuo hakimruhusu kufungua hata bastola ya jirani. Jeshi na polisi wana mafundi wao wa silaha, na humo atafunzwa bure na mshahara juu. Ila ajue hachagui: aweza kuomba karakana ya silaha akapelekwa kwenye malori. Na asitoe hata shilingi kwa mtu anayemwahidi nafasi, usajili ni bure.

Bi_Kongowea: Na nje ya serikali kazi iko wapi? Uwindaji Kenya ulipigwa marufuku 1977, kwa hivyo wateja wa bunduki za kuwindia hawapo. Hao ndio hulisha mafundi wa Ulaya.

Afande_Mtongwe: Ndiyo maana nasema serikali. Eldoret kuna kiwanda cha risasi, na Ruiru kikafunguliwa cha bunduki 2021.

Mwana_Changamwe: Ngojeni niwaambie yaliyotukuta, mdogo wako ayasikie. Nilikuwa kibarua kwenye karakana ya lethi. Akaja mteja, mtu wa heshima, ana leseni yake halali, bastola yake haikuingiza risasi vizuri. Tajiri wetu akaitazama, akaona springi imechoka. Akatengeneza nyingine, akaiweka, akalipwa, basi. Baada ya muda maaskari wakaingia wanauliza nani alifanya kazi ile. Leseni ya mteja haikutusaidia kitu, kwa sababu sheria ya silaha, Sura ya 114, yasema anayetengeneza au kukarabati silaha kama biashara lazima awe amesajiliwa yeye mwenyewe kama mfanyabiashara wa silaha. Mashine zikakaa chini ya turubai, mafundi tukatawanyika, mzee wa watu akazunguka mahakamani mpaka akauza lethi kubwa. Kosa lilikuwa springi moja ndogo, fupi kuliko kidole. Mimi kazi hiyo siitaki hata kwa dawa.

Fundi_Shimanzi: Pole sana ndugu. Lakini hiyo ni hoja ya kupata leseni, si ya kuacha ufundi.

Mlinzi_wa_Ngome: Kuna njia ya nne mmeisahau: silaha za kale. Fort Jesus kuna maabara ya kuhifadhi vitu, na vingi vilitoka kwenye jahazi la Wareno, Santo António de Tanná, lililozama 1697 ngome ikiwa imezingirwa. Chuma kilichokaa baharini hakipanguswi tu kwa mafuta. Chalowekwa muda mrefu chumvi itoke, la sivyo chapasuka kikikauka.

Afande_Mtongwe: Huo si ufundi wa bunduki sheikh, ni ufundi wa makumbusho.

Mlinzi_wa_Ngome: Mzinga si silaha? Ule wa Königsberg, manowari ya Wajerumani, uliotolewa mto Rufiji kule Tanzania uliundwa na nani, waashi?

Bi_Kongowea: Jamani, mwenye swali amepotea, nanyi mko Rufiji.

Kijana_wa_Mvita: Nipo, shukran nyote. Ana miaka 22, alipata C-. Pasipoti hana. Pesa za Ubelgiji zategemea shamba la baba kule Matuga.

Bi_Kongowea: Msiuze shamba! Liège wafundisha kwa Kifaransa. Anakijua?

Kijana_wa_Mvita: Hajui hata neno.

Fundi_Shimanzi: C- yatosha diploma. Alipe karo, na jeshi likiita akiwa darasani aende. Kuruta wa kawaida mwisho ni miaka 26, muda anao.

Afande_Mtongwe: Akienda katikati, karo imepotea. Heri angoje.

Mwana_Changamwe: Angoje akila nini?

Kijana_wa_Mvita: Fundi, karakana yako yachukua wanafunzi wa mazoezi? Nataka kwanza umpe hiyo tupa.