Kiti cha Mama (kikundi: Uzao wa Bi Mwanakombo 🌴, saa ni za Mombasa)

IJUMAA

06:12 Rukia: Assalaam alaykum nyote. Nimenyamaza siku mbili nikingoja mtu mwengine aanze, hakuna. Basi naanza mimi kama kawaida. Mama jana ametoka kusafishwa figo anatetemeka mpaka meno yanagongana. Nje ni digrii 22 chini ya sifuri. Viti vya gari la Hamisi ni baridi kama sakafu ya msikiti alfajiri. Nataka tumtilie hita kwenye kiti cha mbele anachokaa.

06:14 Rukia: Nimeshauliza. Kuna fundi wa kushona viti hapa Minneapolis, kiti kimoja dola 380, pedi ya joto na kazi yake. Tukiwa tisa, dola 50 kila mtu, na inabaki ya mafuta.

06:15 Rukia: Nakilini orodha muendeleze
1. Rukia 50 ✅
2. Hamisi
3. Amina
4. Swaleh
5. Mishi
6. Juma Viti
7. Fatma
8. Athmani
9. Mjomba Omari (akipenda)

07:41 Rukia: Naona alama za buluu. Watu saba mmesoma.

07:52 Mishi: Waalaykum salaam da Rukia. Dola 50 ni kama elfu sita na nusu 😩 Mimi kiti changu chapashwa bure, naliegesha gari Digo Road saa saba mchana, nikirudi nikikalia naruka

07:53 Swaleh: 😂😂 Huku twalipa kupoza, huko mwalipa kupasha. Si tubadilishane

07:58 Fatma: Si kuna gari la kuwachukua wagonjwa huko?

07:59 Rukia: Lilimsahau mara mbili. Mara ya pili alikaa kwenye benchi la mlangoni saa nzima na leso kichwani. Silitaki kulisikia.

08:03 Juma Viti: Da Rukia kabla ya kiti niulize kitu. Ule mshale wa joto kwenye dashi ya gari la Hamisi, akishaendesha dakika ishirini hivi, hufika katikati?

08:04 Fatma: Juma wewe umewahi kufungua kiti cha hita kweli ama ni vile vya matatu vya Arsenal 😂

08:06 Juma Viti: Nimefungua vingi. Forester nyingi za Japani huja navyo, watu huku hawajui hata ile swichi ni ya nini. Kuna mteja alinijia mbio toka Nyali, mwezi wa pili, jasho chapachapa, asema kiti chataka kushika moto. Mtoto alikuwa amebonyeza swichi

08:06 Swaleh: Alikuwa ameiva upande mmoja ama zote 😂😂

08:07 Mishi: 🤣🤣🤣 astaghfirullah

08:15 Athmani (Ohio): Hita za viti si jambo jipya. Cadillac waliziuza tangu 1966

08:16 Rukia: Athmani nani amekuuliza

08:16 Athmani (Ohio): Nachangia elimu

08:17 Rukia: Changia dola 50.

08:31 Juma Viti: Haya mimi nieleze kazi ilivyo halafu mtaamua. Kwanza betri inachomolewa na unangoja dakika kadhaa, maana chini ya kiti kuna soketi ya manjano, hiyo ni ya eabegi, ule mfuko wa hewa unaofura wakati wa ajali, na haichezewi. Kiti kinatoka kwa bolti nne. Ganda limebanwa na vipete vya waya, unakata kimoja kimoja mpaka sponji inabaki tupu. Pedi ni mbili, ya kukalia na ya mgongo, nyuzi za kaboni, nyuma ina gundi. Pale kwenye mfereji wa mshono ndipo pa kuangalia, pedi ipite imelala. Ikikunjika pale, ndipo itakapochoma

08:34 Juma Viti: Waya zinashuka kwenye rilei, ile swichi ya umeme, na rilei ichukue umeme wa ufunguo ukiwashwa. Akiunga moja kwa moja kwenye betri, siku Hamisi akisahau swichi ataamka gari limekufa, na kwa baridi hiyo. Kiti kimoja hula ampea 4 mpaka 5, kiwe na fyuzi yake

08:37 Juma Viti: Sasa shida. Mama hukaa kiti cha abiria. Magari ya Marekani ya mwaka wa hilo la Hamisi kiti hicho kina kitu cha kupima uzito, ndicho huiambia eabegi amekaa mtu mzima ama mtoto ama mkoba. Ukikifungua vibaya, taa ya eabegi inawaka, na siku ya ajali yaweza isifunguke. Muulize huyo fundi kama ataiseti upya kwa mashine akimaliza. Akuandikie

08:49 Rukia: Amesema anajua kazi yake.

08:50 Juma Viti: "Anajua" si jibu da Rukia

08:51 Juma Viti: Na mshale?

08:55 Fatma: Jamani nani ana namba ya yule mama wa viazi karai wa Kibokoni, nina wageni

08:56 Mishi: nakutumia

17:03 Hamisi: Ndio natoka kazini nakuta gari langu limeshapangiwa. Kuna mtu aliniuliza?

17:04 Hamisi: Ni Corolla ya 2007. Maili laki moja na elfu tisini na nne. Chini imeliwa na chumvi ya barabarani, ukiinua zulia waona lami. Kuitia kiti cha dola 380 ni kumvisha punda suti.

17:05 Rukia: Si kiti cha gari, ni kiti cha mama.

17:09 Hamisi: Na mimi michango ya Rukia niliapa tangu lile gari la Probox.

17:09 Fatma: Tumeanza

17:10 Rukia: Probox usiniulize mimi. Aulizwe aliyekuwa na ufunguo.

17:12 Swaleh: Taja jina

17:12 Rukia: Sina haja. Mwenyewe ajijua.

17:13 Swaleh: Miaka sita mwanitaja bila kunitaja. Kila mchango. Paa la nyumba, Probox. Arusi ya Mishi, Probox. Leo kiti cha mama, Probox. Taja jina leo tumalize

17:14 Hamisi: Swaleh sikukusudia wewe

17:14 Swaleh: Ulikusudia nani, gari lenyewe?

17:16 Mama: 🌹🌹 JUMAA MUBARAK 🌹🌹 Mwenyezi Mungu awajaalie mapenzi na maelewano. Tuma kwa watu kumi unaowapenda

17:16 Mishi: 😭😂 mama

17:48 Amina (Leicester): Nimetoka zamu ndio nasoma. Da Rukia usilipe kitu. Mama hana hisia toka kiunoni kwenda chini, sukari imeshaua mishipa ya fahamu. Nilipokuja mwezi wa nane alikanyaga pini ya mtandio, hakujua mpaka nilipoona damu kwenye zulia. Mtu kama yeye kwenye kiti cha hita ataungua na hatasikia.

17:50 Amina (Leicester): Sitishi mtu. Wako walioungua mpaka wakapandikizwa ngozi, na wengi wao ni wenye sukari ama waliopooza. Mwaka 2011 huko huko Marekani madaktari wa majeraha ya moto na watu wa usalama wa magari waliiandikia serikali, watengenezaji wawekewe kikomo cha joto. Si lazima liwe joto la kupika. Digrii 45 kwa muda mrefu zatosha. Na hizi pedi za kununua kando, hujui thamostati yake, kile kidude cha kukata joto, inakata wapi.

17:51 Athmani (Ohio): Ujumbe huu umefutwa

17:51 Fatma: Athmani nimeuona

17:52 Athmani (Ohio): Ilikuwa mzaha tu

17:52 Amina (Leicester): Mzaha wa mishkaki juu ya mama yako

17:53 Athmani (Ohio): Samahani. Nimekosa

17:58 Rukia: Amina, wewe uko Leicester. Mimi ndiye ninayemvua viatu. Vidole vyake jana vilikuwa vya buluu. Niambie basi nifanye nini badala yake, usiniambie tu nisifanye.

18:02 Amina (Leicester): Gari liwashwe mapema, aingie likiwa moto. Blanketi mbili. Chupa ya maji moto pia hapana, ni yale yale.

18:03 Rukia: Hilo gari hata ukiliwasha robo saa halipati moto!!

18:04 Juma Viti: Ndio maana naulizia MSHALE

18:05 Swaleh: Mimi bado nangoja jina

20:06 Mjomba Omari: Assalaam alaykum. Nimetoka kuswali isha nimesoma yote mliyoandika. Probox niliiuza mimi. Baba yenu alikufa na deni la mbao na mabati laki mbili na arubaini. Nilisimama mbele ya jeneza nikasema deni lake ni juu yangu, wadai walikuwa safu ya pili wananisikia. Wiki ya pili nikaiuza gari nikawalipa, iliyobaki ikaenda kwenye khitma. Baba yenu hakutaka watoto wake wajue. Mama yenu ajua. Swaleh nilimwambia anyamaze na amenyamaza. Nilidhani mtachoka kuuliza. Asimtaje mtu tena.

LEO, JUMAMOSI

05:20 Rukia: Nimesoma Mjomba.

05:21 Rukia: Swaleh pokea simu.

05:44 Rukia: Swaleh

09:15 Mishi: Shikamoo Mjomba

09:40 Mjomba Omari: Marahaba

15:08 Hamisi: Niko nje ya kliniki, nimemteremsha mama. Juma uliuliza mshale.

15:08 Hamisi: 📷 Picha

15:09 Hamisi: Hapo nimeendesha dakika 25, barabara kuu.

15:11 Juma Viti: Haukufika hata robo!

15:12 Juma Viti: Kaka hiyo thamostati ya injini imekwama wazi. Yatakiwa ijifunge mpaka maji yafike kama digrii 80 na kitu, ndio ifungue. Yako iko wazi muda wote, maji yanakimbilia kwenye rejeta, na upepo wa huko ndio huo. Injini haipati joto, na hita ya gari huchukua joto lake kwenye maji hayo hayo. Kwa hiyo yakupulizia vuguvugu. Angalia kwanza kiwango cha maji, injini ikiwa imepoa usije ukajimwagia. Kama yametimia, ni hiyo

15:13 Hamisi: Bei?

15:14 Juma Viti: Kidude chenyewe nadhani huko hakizidi dola 30, na maji ya kupoza. Huku mafundi huzing'oa wakazitupa, wasema kwa joto la Mombasa ya nini. Mtu gari lamla mafuta miaka mitatu hajui kwa nini

15:15 Hamisi: Mbona hukusema tangu jana?

15:15 Juma Viti: Jana saa mbili asubuhi niliuliza, mkaniletea Arsenal

15:16 Fatma: 🙈

15:22 Rukia: Jamani mimi jana nimeshalipa dola 100 za kushikia nafasi. Hazirudi. Fundi amesema Jumatano asubuhi gari liwe pale.

15:23 Amina (Leicester): Rukia.

15:23 Rukia: Nililipa kabla hujaandika Amina. Nililipa kabla ya yote.

15:41 Mama: Na mimi nimo humu nyinyi mwajua

15:43 Mama: Naandika kwa mkono mmoja wa pili una sindano mnivumilie

15:47 Mama: Kama pesa imeshatoka mtilieni Hamisi kiti chake. Yeye ndiye akaaye garini saa nne nzima akiningoja. Nikitoka namkuta amejikunyata amelala na kofia puani

15:48 Rukia: Hamisi si umesema hukaa ndani kwenye viti vya wageni?

15:55 Rukia: Hamisi

16:10 Hamisi: Kule ndani kuna televisheni kubwa, silali. Na nimetoka zamu ya usiku.

16:12 Juma Viti: Kiti cha dereva ni rahisi zaidi, hakina kile kipima uzito. Eabegi ya ubavuni aangalie kama ipo. Lakini asilale hita imewashwa na injini imezimwa, betri haitamaliza saa nne

16:13 Amina (Leicester): Na asilale injini ikiunguruma, kama chini kumeliwa na chumvi hivyo moshi waweza kuingia ndani. Hamisi nakuomba ukae ndani tu.

16:14 Hamisi: Nitaona.

16:20 Rukia: Haya. Jumatatu Hamisi anabadilisha thamostati. Jumatano kiti, cha dereva ama cha mama tutazungumza, lakini amana haipotei bure. Orodha:
1. Rukia 100 ✅
2. Hamisi (thamostati)
3. Amina ?
4. Swaleh (asichange)
5. Mishi elfu moja
6. Juma Viti (ushauri ✅)
7. Fatma
8. Athmani
9. Mjomba Omari

16:26 Swaleh: Kwa nini nisichange

16:27 Swaleh: Niandike elfu tatu

16:31 Rukia: Sawa. Pokea simu basi

16:32 Swaleh: Kesho

16:50 Rukia: Fundi asipomaliza Jumatano, Alhamisi alfajiri nani anampeleka mama? Mimi gari langu lina watoto wa shule.

17:35 Rukia: Naona alama za buluu.

17:36 Athmani (Ohio): Mimi niko Ohio

17:36 Rukia: Dola 50 Athmani.