Kupaka rangi mazimwi ya bodi gemu: woshi na draibrashi, kontrasti au slapchopu?

Kete6
Wakuu habari zenu. Nina boksi la gemu la mapango na mazimwi, mifupa kama yote, panya wakubwa, matroli kadhaa na joka moja lenye mabawa mapana, vyote plastiki ya kijivu tupu. Nataka vipendeze tu mezani, sitafuti kombe. Nimesoma mpaka nimechanganyikiwa, huyu anasema rangi ya msingi kisha woshi kisha draibrashi, yule anasema hayo mambo ya kizamani chukua kontrasti unapaka mara moja umemaliza, mwingine anakuja na slapchopu. Kwa mtu ambaye hajawahi kushika brashi ipi inafaa?

FundiBrashi
Woshi na draibrashi mkuu, usihangaike. Rangi ya msingi mbili tatu, halafu woshi ya kahawia, yale maji maji yanateremka yenyewe kwenye mikunjo na kati ya mbavu, ikikauka kabisa (kabisa, sio ukigusa haibandiki) chukua rangi nyepesi, ifute kwenye tishu mpaka brashi inakaribia kuwa kavu, pitisha juu juu kwenye vile vilivyochomoza. Mfupa unatoka kama umefukuliwa jana. Na ukikosea popote unafunika na rangi ya msingi, maisha yanaendelea.

BintiWaTroli
Fundi sikatai ila mifupa kama yote kwa njia hiyo atachoka kabla hajafika kwa panya. Kontrasti ilitengenezwa kwa ajili ya hii shida. Citadel, kampuni ya rangi za sanamu, walizitoa 2019, na wenzao The Army Painter wakaja na za kwao, Speedpaint, 2022. Praima (rangi ya kwanza kabisa, ya kushikilia nyingine) nyeupe au krimu, paka mara moja, rangi inakuwa nzito kwenye mashimo na nyepesi kwenye migongo, kivuli na mwanga vinajipanga vyenyewe. Manyoya ya panya ndio kabisaaa.

Angalizo moja, Speedpaint za toleo la kwanza zikikauka halafu ukapitisha rangi mbichi juu yake zinaamka tena, unapaka jino jeupe linatoka la kijani. Toleo la pili la 2023 hilo walilirekebisha, kwa hiyo soma chupa.

Mzee wa Matroli
Binti umesema kweli lakini hujamwambia habari ya joka. Kontrasti inataka mikunjo. Weka kwenye bawa pana laini uone, inakusanya vidimbwi, inakauka na mabaka. Bawa lile lipakwe rangi ya kawaida iliyopunguzwa kwa maji, tabaka juu ya tabaka.

Kete6
Shukrani mzee. Na slapchopu sasa?

Mzee wa Matroli
Ni ndoa ya hao wawili wanaobishana hapo juu. Praima nyeusi, draibrashi ya kijivu zito, kisha nyeupe kidogo kwa juu, halafu ndio kontrasti. Kivuli unakuwa umeshakitengeneza chini, rangi inakuja kukitia sura tu. Ubaya wake rangi zinafifia, njano na nyekundu juu ya nyeusi zinakuwa kama zina vumbi. Kwa zimwi la pangoni hiyo sio hasara.

FundiBrashi
Ila kabla ya yote osha na maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, plastiki za bodi gemu zinatoka kiwandani na mafuta mafuta, rangi inateleza. Kama mikuki imepinda zamisha kwenye maji ya moto, nyoosha, tumbukiza kwenye ya baridi palepale.

BintiWaTroli
Na praima!! Nyingi ya hizi sanamu ni PVC laini, baadhi ya praima za spreyi haziivi juu yake, inabaki inanata hata baada ya siku nyingi. Jaribu kwanza kwa panya mmoja wa pembeni. Ukiogopa kabisa nunua praima ya akriliki ya kupaka kwa brashi.

Kete6
Kwa hiyo nimeelewa hivi: mifupa na panya kontrasti, matroli slapchopu, joka njia ya fundi ila mabawa njia ya mzee. Vanishi ni lazima?

Mzee wa Matroli
Kwa kitu kinachoshikwa shikwa kila mkicheza ni lazima, la sivyo pembe na ncha za vidole ndio za kwanza kutoka rangi. Chukua ya mati (isiyong'aa), ya kung'aa inaua kazi yote ya kivuli. Ya spreyi usiipige siku yenye unyevu hewani, inaweza kuganda nyeupe juu ya kazi yako.

FundiBrashi
Macho ya panya weka nukta nyekundu basi, usianze kuchora mboni, kwa saizi ile hakuna atakayeiona. Nguvu hizo zipeleke kwenye meno ya joka.