Mrejesho: Taa ya injini, kodi (namba ya hitilafu) P0325, gari kukosa nguvu mlimani

Wakuu, nimerudi. Niliuliza hapa kwa nini gari langu linawasha taa ya injini na kuwa zito nikipanda kutoka Tukuyu kuja Uyole, huku mashine ya kupima gari ikisoma P0325, yaani hitilafu kwenye sensa ya noki, ile inayotambua injini ikigonga. Wengi mliniambia ninunue sensa mpya. Nilinunua ya mtumba, nikafunga, taa ikarudi baada ya siku mbili.

Jumamosi nilimpelekea fundi umeme wa Mwanjelwa. Hakugusa sensa kwanza. Alifuata waya wake na tochi mpaka nyuma ya bloku (mwili wa injini), akakuta panya wameutafuna: ngozi imetoka, na ule wavu mwembamba wa chuma unaouzunguka umekatika. Akanieleza kwamba sensa ile inasikiliza mtetemo wa bloku na umeme inaotoa ni mdogo sana, kwa hiyo wavu ndio unaokinga kelele za plagi na koili. Kompyuta ikikosa kuisikia sensa, inachelewesha cheche ili pistoni zisiumie, ndiyo maana nguvu zinapotea mlimani.

Akaweka waya mwingine wenye wavu, akasugua kutu pale sensa inapokaa, kisha akakaza boliti kwa spana ya kipimo, maana kukaza kupita kiasi nako kunaiharibu. Kodi ikafutwa.

Jana nimepanda mlima wa Isyonje na magunia mawili ya viazi. Gia ya tatu, inavuta vizuri, taa haijawaka. Asanteni sana, hasa mkuu aliyesema nianze na waya. Ningemsikia mapema.